Percy Julian, Mkemia Aliyetoa Dawa Kwenye Maharage

Kandokando ya mito ya Calabar, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Nigeria, huota mmea utambaao unaozaa maharage makubwa ya rangi ya kahawia iliyokolea, yenye sumu kali. Zamani Waefik waliyatumia kuamua kesi za uchawi. Mtuhumiwa alinyweshwa maji ya maharage yaliyopondwa. Akitapika na kupona, hana hatia; akifa, kesi imekwisha. Wazee wa kusini mwa Tanzania na wa Malawi wanaijua desturi kama hiyo kwa jina la mwavi, ingawa mwavi ulitengenezwa kwa magome ya mti.

Wamisionari wa Kiskoti waliyafikisha maharage hayo Edinburgh katika karne ya 19, na madaktari wa huko wakaona jambo la ajabu: sumu ile ile, ikidondoshwa jichoni kwa kiasi kidogo sana, huifanya mboni ijibane. Baadaye ikabainika kwamba hupunguza pia msukumo wa maji ndani ya jicho. Kwa mgonjwa wa glakoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho, huko ni kuokolewa kutoka kwenye upofu. Kiini cha sumu hiyo kiliitwa fizostigmini. Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kukipata isipokuwa kukikamua kwenye haragwe lenyewe, kwani hakuna mkemia aliyeweza kukiunda maabara.

Aliyeweza, mwaka 1935, alikuwa mjukuu wa mtumwa, katika chuo kidogo cha jimbo la Indiana ambacho hakikuwa tayari kumpa uprofesa. Jina lake ni Percy Lavon Julian. Wamarekani wengi hawamjui, na Waafrika wengi zaidi hawajawahi kumsikia, ilhali dawa za jamii aliyoishughulikia zinauzwa leo katika karibu kila duka la dawa.

Alizaliwa Montgomery, Alabama, tarehe 11 Aprili 1899. Baba yake alikuwa karani wa posta za reli na mama yake mwalimu. Babu yake aliwahi kukatwa vidole viwili vya mkono kwa kosa la kujifunza kuandika akiwa mtumwa. Percy alikua akiuona mkono huo nyumbani, na huenda hakuna hotuba juu ya thamani ya elimu iliyoweza kuushinda. Nje ya nyumba mambo yalikuwa ya kutisha. Utotoni, akitembea msituni karibu na kwao, alikuta maiti ya mtu mweusi aliyenyongwa na kuachwa ikining'inia mtini.

Watoto weusi wa Montgomery hawakuwa na sekondari ya serikali wakati ule. Baada ya darasa la nane masomo yao yalikuwa yamefika mwisho. Julian alisoma kwa kuunga-unga, kisha mwaka 1916 akapanda treni kwenda Greencastle, Indiana, kujiunga na Chuo cha DePauw. Alipokewa kwa masharti. Mchana alihudhuria masomo ya chuo, na pembeni akasoma masomo ya sekondari ambayo Alabama ilimnyima. Hakuruhusiwa kulala bwenini na wenzake. Alipata kazi katika nyumba ya wanafunzi wazungu, ya kuwapelekea chakula mezani na kuchochea moto wa tanuri, na kwa malipo hayo akapewa pa kulala darini. Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Wazazi wake walihamishia familia nzima Greencastle, na ndugu zake wote watano wakasoma hadi chuo.

Mtu mwenye matokeo kama hayo alistahili kuingia moja kwa moja katika masomo ya juu. Vyuo vikubwa vilijibu kwa namna moja: hata akipata uzamivu, nani atamwajiri mkemia mweusi? Akaenda kufundisha Chuo cha Fisk, Tennessee. Alipata ufadhili wa Harvard na kumaliza shahada ya uzamili mwaka 1923, lakini nafasi ya ualimu msaidizi ambayo ingemwezesha kuendelea aliikosa, kwa hofu kwamba wanafunzi wazungu hawatakubali kufundishwa naye.

Hatimaye uzamivu aliupata Ulaya. Mwaka 1929 alikwenda Vienna kwa ufadhili wa Rockefeller, akasoma chini ya Ernst Späth, bingwa wa alkaloidi, yaani zile kemikali chungu za mimea, zikiwemo kwinini, mofini na nikotini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliishi bila kuulizwa rangi yake kila mlangoni. Alikwenda opera, akajifunza kuteleza kwenye theluji, akazungumza Kijerumani kwa ufasaha. Shahada aliipata mwaka 1931 na akarudi Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alikokuwa amewahi kufundisha.

Huko Howard mambo yaliharibika, na kwa sehemu ni yeye aliyeyaharibu. Alijiingiza katika ugomvi na wakubwa wa chuo, na barua zake za faragha kutoka Vienna, zilizojaa maneno ya kuwasema wenzake, zikachapishwa gazetini. Ilimbidi ajiuzulu. Julian alikuwa mtu mwenye majivuno, mwepesi wa kusema, asiyependa kushindwa. Waandishi wanaomchora kama malaika wanamwondolea nusu ya utu wake. Aliyemnusuru ni mwalimu wake wa zamani wa DePauw, William Blanchard, aliyemtafutia nafasi ya mtafiti. Akarudi Greencastle pamoja na Josef Pikl, mkemia wa Austria waliyefahamiana Vienna. Mkesha wa Krismasi ya mwaka 1935 alimwoa Anna Johnson, ambaye miaka miwili baadaye alipata uzamivu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika zama ambazo mwanamke mweusi mwenye shahada hiyo alikuwa hajapata kuonekana.

Sasa turudi kwenye haragwe la Calabar.

Katika mwili wa binadamu, neva huzungumza na misuli kwa kutumia kemikali. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya maalumu huivunjavunja kemikali hiyo ili msuli upumzike. Fizostigmini humzuia huyo mvunjaji. Ikizidi mwilini, ujumbe haukatiki na mtu hufa. Ikiwa kidogo jichoni, misuli midogo ya ndani hujikaza na kufungua mifereji ya kutolea maji, na presha hushuka. Wakemia walikuwa wameshajua umbo lake: pete tatu za atomi zilizoshikana, na mkia. Kujua umbo ni jambo moja, kulijenga kuanzia kemikali za kawaida za maabara, hatua kwa hatua, ni jambo jingine kabisa.

Aliyekuwa mbele katika mbio hizo ni Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa duniani, ambaye mwaka 1947 angepata Tuzo ya Nobel. Robinson alikuwa ametangaza kwamba ametengeneza kemikali iliyo karibu na mwisho wa safari hiyo. Julian na Pikl walipoitengeneza kwa njia yao wakapata kitu tofauti. Ama wao wamekosea, ama Oxford imekosea. Julian, mtu asiye na cheo na mwenye kashfa iliyokuwa bado ya moto, aliandika katika jarida la wakemia wa Marekani kwamba Oxford ndiyo iliyokosea.

Uthibitisho ulikuwa rahisi kueleweka. Kila kemikali safi huyeyuka kwa joto lake maalumu. Ukichukua kemikali uliyoitengeneza na ile iliyotoka kwenye mmea, zikayeyuka kwa joto lile lile hata zikichanganywa, basi ni kitu kimoja. Walipima, na zikawiana. Mwaka 1935 usanisi kamili wa fizostigmini ulichapishwa. Hadi leo wanafunzi wa kemia husomeshwa kazi hiyo.

Mtu angetarajia kwamba baada ya ushindi huo vyuo vingemgombea. DePauw yenyewe ilikataa kumpa uprofesa. Kampuni ya DuPont iliwaita yeye na Pikl kwa mahojiano, kisha ikampa kazi Pikl. Taasisi ya Kemia ya Karatasi huko Appleton, Wisconsin, ilimtaka kweli, ila mji huo ulikuwa na amri ya zamani iliyokataza mtu mweusi kulala humo usiku. Mmoja wa wajumbe waliolijadili jambo hilo alikuwa pia kiongozi katika kampuni ya rangi ya Glidden. Akaona nafasi, akampigia Julian simu. Mwaka 1936 Julian akawa mkurugenzi wa utafiti wa kitengo cha soya cha Glidden, Chicago, akiwaongoza wakemia wazungu. Kwa Marekani ya wakati ule, ni jambo ambalo karibu halikuwa na mfano.

Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba ubaguzi ulimfaa, kwa kumsukuma kutoka chuoni hadi kiwandani alikofanya makubwa. Hoja hiyo haifai. Hakuna anayejua ni kazi gani ingetoka kwake kama angepewa maabara ya chuo kikuu akiwa na miaka 24, wala ni vijana wangapi weusi wangejifunza kemia kwake. Milango iliyofungwa ilikuwa hasara, na hasara hiyo haikuishia kwake peke yake.

Huko Glidden soya ilikuwa zao jipya ambalo wenye kiwanda walitaka litoe kila kitu. Julian alianza na protini. Aliisafisha hadi ikafaa kupakwa kwenye karatasi na kuchanganywa katika rangi za maji. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, protini hiyo ilitumika kutengenezea povu la kuzimia moto wa mafuta na petroli, moto ambao maji huutawanya badala ya kuuzima. Povu hufunika mafuta na kuuzuia moto usipate hewa. Mabaharia wa manowari za Marekani waliliita supu ya maharage, na liliokoa maisha ya wengi miongoni mwao.

Hata hivyo, kazi iliyolijenga zaidi jina lake ilianza kwa tangi linalovuja.

Siku moja Julian alipata simu kutoka kiwandani. Maji yalikuwa yameingia katika tangi lenye galoni 100,000 za mafuta safi ya soya, zaidi ya lita 370,000, na ndani yake kulikuwa na utando mweupe mgumu. Kwa kampuni hiyo ilikuwa hasara. Julian alikuwa ameuona weupe wa namna hiyo hapo kabla, DePauw, katika mafuta ya haragwe la Calabar aliyoyaacha yakakaa na maji: fuwele za stigmasteroli. Ni kemikali ya mimea ambayo umbo lake linakaribiana mno na la homoni za binadamu. Wajerumani walikuwa wamekwishaonyesha kwamba stigmasteroli inaweza kugeuzwa kuwa homoni. Tatizo lilikuwa ni kuitoa kwenye mafuta ya soya kwa wingi bila kutumia gharama kubwa, na jibu lilikuwa limejionyesha lenyewe ndani ya tangi.

Ili kupima uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka homoni zilivyokuwa zikipatikana. Mwaka 1934 Mjerumani Adolf Butenandt alitumia ovari za nguruwe jike 50,000 ili apate miligramu 20 tu za projesteroni safi. Miligramu 20 ni chembe isiyojaza hata ncha ya kijiko. Projesteroni ndiyo homoni inayotunza mimba, na madaktari wa enzi hiyo waliitafuta ili wajaribu kuwasaidia wanawake wenye mimba zinazotoka. Nani angeimudu? Mwaka 1940 Julian alituma mzigo wake wa kwanza wa projesteroni iliyotokana na soya, ratili moja, wenye thamani ya dola 63,500. Bei hiyo nayo inashtua, lakini hiyo ratili moja ilikuwa zaidi ya mara 20,000 ya kile alichokipata Butenandt. Kiwanda kikaendelea kuzalisha, na bei ikaanza kushuka.

Kisha ikaja kotisoni. Mwaka 1949 Philip Hench na Edward Kendall wa Kliniki ya Mayo, Minnesota, walitangaza kwamba wagonjwa wa baridi yabisi, waliokuwa hawawezi hata kuinuka kitandani, walitembea baada ya kudungwa dawa hiyo. Mwaka uliofuata walipata Nobel pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi. Tatizo lilikuwa lile lile: dawa ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, na iliyopatikana ilikuwa kidogo mno kwa mamilioni ya wagonjwa.

Hapa pana upotoshaji unaopaswa kusahihishwa, kwa kuwa makala nyingi za kumsifu Julian husema aligundua kotisoni. Hakuigundua, wala hakuwa wa kwanza kuiunda. Alichokifanya ni kutafuta njia bora ya kuunda jirani yake, iliyoitwa Kemikali S, kutokana na soya. Kemikali S na kotisoni zinafanana karibu kila kitu, isipokuwa atomi moja ya oksijeni inayokosekana mahali pake. Mwaka 1952 wanasayansi wa kampuni ya Upjohn walionyesha kwamba ukungu, wa jamii ya ule unaoota kwenye mkate, unaweza kuiweka oksijeni mahali hapo pagumu. Kuanzia hapo Kemikali S iligeuka kuwa njia ya mkato ya kufikia haidrokotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoni. Wakati huohuo Mmarekani mwingine, Russell Marker, alikuwa ameonyesha kwamba viazi vikuu vya porini vya Meksiko hutoa homoni kwa wingi zaidi kuliko soya. Ushindani huo wa mimea, soya upande mmoja na viazi vikuu upande mwingine, ndio ulioshusha bei ya dawa hizi hadi wagonjwa wa kawaida wakazifikia. Sifa ya Julian haipungui kwa kugawana na hao wengine.

Mwaka 1950 wasomaji wa gazeti la Chicago Sun-Times walimchagua kuwa mtu wa mwaka wa jiji lao. Mwaka huohuo yeye na Anna walinunua nyumba Oak Park, mji wa matajiri pembezoni mwa Chicago, mahali alipozaliwa Ernest Hemingway. Msimamizi wa maji alikataa kuwafungulia maji hadi walipotishia kwenda mahakamani. Novemba, Siku ya Shukrani, kabla hawajahamia, watu walijaribu kuichoma nyumba kwa moto. Juni 1951 ikarushwa baruti, ikalipuka karibu na chumba cha watoto.

Hawakuhama. Julian alikesha nje na bunduki, na mwanawe mdogo, Percy, alikesha naye. Majirani wengi walijitokeza hadharani kuitetea familia hiyo. Yule mtoto alikuja kuwa wakili wa haki za raia huko Wisconsin.

Mwaka 1953 Julian aliondoka Glidden, akaanzisha kampuni yake, Julian Laboratories, Franklin Park, Illinois. Wakemia weusi waliokuwa wakizunguka na vyeti vyao bila kupata kazi walipata mahali. Inasemekana hapakuwa na maabara nyingine Marekani yenye wakemia weusi wengi kama hiyo. Pia aliajiri wanawake na wazungu. Alikuwa bosi mkali, mwenye kupita maabara hata usiku wa manane, na waliofanya kazi kwake walisema hivyo bila kuficha.

Biashara haikuwa nyepesi. Kwa kuwa viazi vikuu vilikuwa vimeanza kuishinda soya, alijenga kiwanda Meksiko, kisha akanyimwa kibali cha kuvuna viazi hivyo. Ilimbidi avitafute Guatemala. Alipogundua namna ya kuongeza mara nne mavuno ya bidhaa moja, aliishusha bei yake kutoka dola 4,000 kwa kilo hadi dola 400. Wafanyabiashara wengi wangeiacha bei palepale na kuchukua faida. Kwa mtazamo wa wagonjwa, uamuzi huo una uzito sawa na ugunduzi wowote alioufanya. Mwaka 1961 aliiuza kampuni kwa dola milioni 2.3 kwa Smith, Kline and French, na hapo akawa miongoni mwa Wamarekani weusi wa kwanza kufika mamilioni kupitia sayansi. Kwa jumla aliacha hataza zaidi ya 100.

Heshima za wanasayansi zilichelewa. Alichaguliwa kuingia Akademia ya Taifa ya Sayansi mwaka 1973, akiwa mtu mweusi wa pili baada ya mwanahisabati David Blackwell, na mkemia mweusi wa kwanza. Alikuwa na miaka 74, na miaka 38 ilikuwa imepita tangu alipoishinda Oxford. Alifariki kwa saratani ya ini Aprili 1975. Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1993, na Oak Park, iliyomkataa kwa baruti, sasa ina shule yenye jina lake.

Kazi yenyewe bado inaendelea viwandani. Steroli za mimea, zikiwemo zile zinazotoka kwenye mafuta ya soya, ndizo malighafi ya sehemu kubwa ya dawa za steroidi za leo, ingawa siku hizi bakteria hufanya hatua nyingi ambazo wakemia wa Julian walizifanya kwa mikono. Humo hutoka prednisoloni anayopewa mwenye pumu aliyezidiwa na krimu ya haidrokotisoni ya ngozi inayowasha. Fizostigmini imepitwa na dawa nyingine katika kutibu presha ya macho, lakini baadhi ya hospitali bado huihifadhi kwa ajili ya mtu aliyekula mmea wa jamii ya mnanaha au aliyezidisha dawa zinazofunga neva, kwa sababu sumu ya haragwe la Calabar huizuia ile sumu nyingine.

Na baadhi ya wakemia waliopita katika maabara ya Julian walikwenda kuajiriwa na kampuni kubwa za dawa, vyuo na serikali, katika kazi ambazo mwaka 1936 asingeweza kuzipata yeye mwenyewe.